Kengele ya Wakorea Kwenye Ngome ya Wamarekani

Ukionyeshwa picha yake bila maelezo, utakosea mahali. Banda kubwa lisilo na kuta limesimama juu ya kilima chenye majani, paa lake la vigae limenyanyuka pembeni, chini ya paa kuna rangi za kijani, nyekundu na buluu zilizopangwa kwa ustadi, na nyuma ya yote ni bahari. Mtu aliyekesha na tamthilia za Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili ataapa kuwa hapo ni Korea, pwani fulani ya kusini. Kumbe ni San Pedro, eneo la bandari lililo kusini kabisa mwa jiji la Los Angeles, ndani ya bustani ya umma iitwayo Angels Gate Park. Watu huenda pale kurusha tiara, kupiga picha za harusi na kutazama kisiwa cha Catalina siku ambayo ukungu umepisha.

Ndani ya banda inaning'inia Kengele ya Urafiki wa Korea: tani 17, urefu wa takriban mita 3.7, upana wa mita 2.3, na unene wa chuma unaofikia sentimita 20. Wengi huidhania kuwa ni ya kale. Si ya kale hata kidogo. Ilizinduliwa tarehe 3 Oktoba 1976, na maelezo yake mafupi hurudiwa kila mahali: ni zawadi ya watu wa Jamhuri ya Korea kwa watu wa Marekani kuadhimisha miaka 200 ya uhuru wao. Maelezo hayo ni ya kweli. Ila ni kama mengi ya kweli yanayosemwa na serikali: yameacha nusu ya habari nje. Ili kuelewa kwa nini kengele ya Kikorea ipo hapo ilipo, na kwa nini ina sura iliyo nayo, inabidi kupita kwenye hekalu la Kibuddha la karne ya nane, kambi ya mizinga, serikali ya kijeshi iliyokuwa na hofu ya kutelekezwa na rafiki yake, na wahamiaji waliokuwa ndiyo kwanza wanafungua maduka upande mwingine wa jiji.

Inavyolia

Kengele nyingi tulizozizoea makanisani huning'inia juu mnarani, mdomo umepanuka, na ndani kuna ulimi wa chuma. Kamba ikivutwa kengele huyumba, ulimi hugonga ukingo, sauti hutoka kali na kufika mbali. Kengele ya Kikorea imefikiriwa vingine kabisa. Haina ulimi na haiyumbi. Inaning'inia chini, karibu na sakafu, na wanaoigonga husimama nje yake wakiwa na gogo refu lililofungwa likalala usawa. Gogo linavutwa nyuma, linaachiwa, linapiga mahali pamoja maalumu palipopambwa kwa ua la yungiyungi. Wapigaji hulirudisha nyuma papo hapo, lisije likagusa chuma tena na kuinyamazisha sauti kabla haijakomaa.

Kinachosikika mwanzoni ni kishindo chenye sauti nyingi kwa pamoja. Baada ya sekunde chache zile za juu hufa, ikabaki sauti moja nzito ya chini, na sauti hiyo haikai tuli: inapanda na kushuka, inakaribia kupotea, inarudi. Wageni wengine hudhani ni upepo. Ni fizikia. Kengele ingekuwa mviringo kamili, yenye unene uleule pande zote, kila mtetemo wake ungekuwa na sauti moja. Lakini kengele hizi zina michoro iliyochomoza, zina mahali pa kugongea, na chuma hakilingani unene kila upande. Kwa hiyo kila mtetemo hugawanyika ukawa sauti mbili zinazokaribiana mno, nazo hukutana: mara zinasaidiana, mara zinauana. Aliyewahi kukaa karibu na mpigaji wa kanuni akilinganisha nyuzi kabla ya taarabu kuanza anaijua hali hiyo. Nyuzi tatu za sauti moja zikipishana kidogo tu, sauti huwa na wimbi ndani yake. Tofauti ni kwamba mpiga kanuni hulifukuza wimbi hilo, ilhali mfua kengele wa Kikorea hulitafuta kwa makusudi.

Katika kengele kongwe iliyoigwa na hii ya San Pedro, vipimo vimeonyesha sauti mbili za chini kabisa, za mitetemo 64 hivi kwa sekunde, zinazopishana kwa thuluthi moja tu ya mtetemo. Ndiyo maana wimbi lake hupanda na kushuka mara moja kwa kila sekunde tatu hivi. Sauti inayofuata, ya mitetemo 168 hivi, ina wimbi refu zaidi, la karibu sekunde tisa. Chini ya mdomo wa kengele za aina hii sakafu huchimbwa shimo ili sauti ipate pa kuzungukia, na juu, kando ya joka linalotumika kama kishikio, hutokeza bomba lililo wazi. Kazi hasa ya bomba hilo inabishaniwa na wataalamu, wengine wakiamini linachuja sauti za juu. Ila bomba hilo ni alama ya Kikorea. Kengele za Uchina na Japani, ambazo nazo hupigwa kwa nje, hazina.

Babu yake aliye Gyeongju

Kengele iliyoigwa ni ya Mfalme Seongdeok, wa ufalme wa Silla uliotawala sehemu kubwa ya rasi ya Korea. Seongdeok alifariki mwaka 737. Mwanawe, Gyeongdeok, ndiye aliyeanza kazi ya kumsubia baba yake kengele, lakini naye akafariki mwaka 765 kabla haijakamilika. Mjukuu, Hyegong, ndiye aliyeimaliza mwaka 771. Ilitundikwa kwenye hekalu la Bongdeoksa, na leo ipo katika uwanja wa makumbusho ya taifa ya mji wa Gyeongju, Korea Kusini. Ilipopimwa uzito ilionekana ina tani 18.9. Mwili wake una maandishi yenye herufi za Kichina zaidi ya 1,000, na ujumbe wake, kwa ufupi, ni kwamba ukweli wa Buddha hauonekani kwa macho wala hausikiki kwa sikio la kawaida, basi kengele imetundikwa ili watu wausikie kwa njia hiyo. Kando ya maandishi kuna viumbe vya mbinguni vilivyopiga magoti juu ya yungiyungi, nguo zao zikipepea, mikononi wameshika vyetezo.

Kuna hadithi ambayo kila Mkorea ameisikia. Kengele iligoma kulia, ikayeyushwa na kusubiwa tena na tena, mpaka mtoto mdogo akatolewa kafara ndani ya shaba iliyoyeyuka. Tangu hapo ikilia husikika kama mtoto anamwita mama yake. Hadithi hiyo imedumu kuliko ushahidi wake. Mwaka 1998 watafiti walichunguza chuma cha kengele na hawakukuta fosforasi, madini ambayo mifupa ya mwanadamu ingeyaacha. Ajabu ndogo ni kwamba kengele ya San Pedro ndiyo yenye fosforasi: orodha ya mchanganyiko wake ni shaba na bati, pamoja na dhahabu, nikeli, risasi na fosforasi kidogo kwa ajili ya sauti. Hakuna la kutisha hapo. Wafua shaba wa kisasa huitia fosforasi kwenye shaba ili kuondoa oksijeni na chuma kitiririke vizuri ndani ya kalibu.

Kengele za Korea hazikuwa za mahekalu peke yake. Katika jiji la Seoul enzi za ufalme wa Joseon, kengele kuu ilikuwa saa ya mji: ililia mara 28 usiku malango yakafungwa, na mara 33 alfajiri yakafunguliwa. Mpaka leo usiku wa kuamkia mwaka mpya watu hujazana mbele ya banda la Bosingak kusikia mapigo 33. Habari hii ni muhimu kwa San Pedro, maana inaonyesha kwamba taifa lilipotafuta kitu cha kuwapa Wamarekani, lilichagua chombo ambacho tayari kilikuwa na kazi mbili, ya dini na ya dola.

Waliobadilishwa kwenye mwili wake

Ukikaribia kengele ya San Pedro, acha ukubwa wake na utazame ubavuni. Mahali ambapo babu yake ana viumbe vya mbinguni wenye vyetezo, hapa kuna jozi nne za watu waliochomoza kwenye chuma. Katika kila jozi mmoja ni mungu wa kike wa Uhuru, yuleyule wa bandari ya New York, ameinua mwenge. Mwenzake ni roho ya Kikorea, na kila roho imeinua kitu chake: mmoja ishara ya taegeuk, ule mduara wa nusu mbili ulio kwenye bendera ya Korea Kusini, wa pili tawi la mugunghwa, ua la taifa, wa tatu tawi la loreli la ushindi, wa nne njiwa wa amani.

Nimeyatazama mapambo hayo mara nyingi kwenye picha za karibu, na kila mara nashangaa jinsi yalivyopangwa. Vyetezo vimeondolewa. Maneno ya Buddha yameondolewa. Umbo la kengele ya hekalu limebaki, lakini kila alama ya ibada imebadilishwa na alama ya dola. Loreli hata si ya Kikorea. Ni desturi ya Ugiriki na Rumi iliyopitia Ulaya. Na sanamu ya Uhuru yenyewe ilikuwa zawadi, Wafaransa waliwapa Wamarekani na ikazinduliwa 1886. Kwa hiyo hapa kuna zawadi iliyochorwa zawadi nyingine juu yake, labda kwa kukumbusha kwamba rafiki mwema wa Marekani hutoa chuma kikubwa na kukiweka mdomoni mwa bandari.

Mabadiliko hayo yalikuwa na faida ya wazi. Kitu cha ibada ya dini fulani, juu ya ardhi ya umma, ndani ya nchi ambayo katiba yake inakataza dola kusimamisha dini, kingezua maswali. Kengele ya urafiki haizui. Pia Wakorea wengi wa Marekani ni Wakristo, hasa wa makanisa ya Kiprotestanti, nao wanaigonga bila wasiwasi.

Banda lake limeshika mila kwa ukaribu zaidi. Mafundi 30 walisafirishwa kutoka Korea wakalijenga papo hapo kwa miezi kumi, kwa gharama ya dola 569,680, yaani zaidi ya kengele yenyewe iliyogharimu dola 500,000. Nguzo ni 12, na chini ya kila nguzo amechongwa mnyama mmoja wa mzunguko wa miaka 12: panya, ng'ombe, chui-milia, sungura, joka, nyoka, farasi, kondoo, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Watoto huzunguka wakitafuta mnyama wa mwaka wao, na ndiyo sehemu ya mnara huu isiyohitaji maelezo ya mtu. Rangi za chini ya paa ni za mtindo wa dancheong, unaojengwa juu ya rangi tano za pande za dunia: buluu, nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi. Kwenye majengo ya mbao ya Korea rangi hizo zilikuwa pia dawa dhidi ya mvua na wadudu.

Kilima kilikuwa cha nani

Swali ambalo wageni huliuliza kwa haki ni hili: mtaa wa Wakorea wa Los Angeles uko karibu na katikati ya jiji, kwenye barabara ya Olympic na kandokando yake. Kutoka huko hadi San Pedro ni mwendo wa kilomita zaidi ya 30. Mbona zawadi ya Wakorea iliwekwa mbali hivyo na Wakorea?

Jibu liko chini ya nyasi. Kilima hiki kilikuwa sehemu ya juu ya Fort MacArthur, ngome iliyolinda bandari ya Los Angeles. Karibu na kengele bado kuna mahandaki ya zege yaliyokuwa ya mizinga yenye mdomo wa inchi 14, iliyojificha nyuma ya ukuta, ikainuka kupiga na kushuka tena. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wengi wa kusini mwa California waliandikishwa jeshini hapa. Wanajeshi walipita kwenye lango hilohilo la bahari kwenda Pasifiki, na baadaye kwenda Korea, ambako zaidi ya Wamarekani 36,000 walikufa katika vita vya 1950 hadi 1953. Jeshi lilipoondoka kilimani, miaka ya 1970, jiji likachukua ardhi na kuifanya bustani. Zawadi ya Korea ilitolewa pia kwa heshima ya wanajeshi wa vita ile.

Jina la ngome nalo lina lake. Ilipewa jina la Jenerali Arthur MacArthur mwaka 1914. Mwanawe, Douglas, ndiye aliyeongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Korea mpaka Rais Truman alipomwondoa Aprili 1951. Sidhani kama aliyechagua kilima alihitaji kuambiwa. Kengele haikuwekwa kuwahudumia Wakorea wa Los Angeles, iliwekwa kuongea na jeshi la Marekani na bahari inayokwenda Korea.

Mwaka wenyewe

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Mwaka 1976 Seoul ilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda Washington mikono mitupu.

Rais wa Korea Kusini alikuwa Park Chung-hee, jenerali aliyechukua madaraka kwa mapinduzi mwaka 1961. Chini yake uchumi ulikua kwa kasi ambayo mpaka leo nchi zetu huitolea mfano kwenye makongamano. Chini yake pia katiba ya Yushin ya 1972 ilimpa uwezo wa kutawala bila kikomo na kutunga amri za dharura. Usalama wake wote ulitegemea majeshi ya Marekani, na majeshi hayo yalikuwa yanapungua. Mwaka 1971 Rais Nixon aliondoa divisheni nzima, kiasi cha askari 20,000, ingawa wakati huohuo Korea ilikuwa na wanajeshi wake wakipigana Vietnam upande wa Marekani. Jumla yao kwa miaka yote walizidi 300,000. Aprili 1975 Saigon ikaanguka. Mtu aliyeketi Seoul hakuhitaji mnajimu kumweleza kwamba Wamarekani wanaweza kufungasha na kuondoka. Na katika kampeni za 1976, Jimmy Carter alikuwa akiahidi kuondoa askari wa ardhini walio Korea.

Humohumo mwaka 1976, tarehe 1 Machi, viongozi wa upinzani na viongozi wa dini walisoma tamko la kudai demokrasia ndani ya kanisa kuu la Myeongdong, Seoul. Walikamatwa na kufungwa, akiwemo Kim Dae-jung, ambaye miaka 22 baadaye angekuwa rais. Tarehe 18 Agosti, askari wa Korea Kaskazini waliwaua kwa mashoka maofisa wawili wa Marekani kule Panmunjom, mpakani mwa Korea mbili, kwa ugomvi wa mti uliokuwa unapunguzwa matawi. Tarehe 3 Oktoba kengele ikazinduliwa California, siku ambayo Korea huadhimisha kuzaliwa kwa taifa lake kwa mujibu wa hadithi ya Dangun, mwanzilishi wake. Wiki tatu baadaye, tarehe 24 Oktoba, gazeti la Washington Post likafichua kwamba mfanyabiashara Tongsun Park, akishirikiana na idara ya ujasusi ya Korea, amekuwa akiwagawia wabunge wa Marekani fedha ili waiunge mkono Seoul. Kashfa hiyo ilitikisa uhusiano wa nchi hizi kwa miaka kadhaa.

Sisemi kwamba kengele ilikuwa hongo. Zawadi za miaka 200 zilitolewa na nchi nyingi: Japani ilitoa miti 53 ya bonsai, na Uingereza ilitoa kengele pia, ikawekwa Philadelphia. Ninachosema ni kwamba mungu wa kike wa Uhuru aliyesubiwa mara nne kwenye shaba alisubiwa kwa fedha za serikali iliyokuwa ikiwafunga watu kwa kuutaja uhuru huohuo. Mtu akiitazama kengele na kuona utamaduni tu, amepitwa. Mtu akiitazama na kuona propaganda tu, naye amepitwa, kwa sababu ya yaliyotokea baada ya hapo.

Wenyewe walipofika

Wakorea wa kwanza kufika Marekani kwa wingi walishuka Honolulu tarehe 13 Januari 1903, watu 102 ndani ya meli ya Gaelic, kwenda kufanya kazi mashamba ya miwa. Ahn Chang-ho, mmoja wa wapigania uhuru wakubwa wa Korea, aliishi California na kuwapanga wafanyakazi wenzake waliokuwa wakichuma machungwa Riverside. Mlango ukafungwa kwa sheria ya 1924 na haukufunguka sawasawa mpaka sheria ya uhamiaji ya 1965. Ndipo wakaja kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1971 duka la Olympic Market lilifunguliwa kwenye barabara ya Olympic, na kuzunguka hapo mtaa ukaanza kuota.

Kwa hiyo mwaka 1976 jamii hii ilikuwa changa, bado inahesabu senti. Kengele ilikuwa ya mabalozi. Lakini mabalozi huhamishwa, na serikali ya Park iliisha Oktoba 1979 alipouawa na mkuu wa ujasusi wake mwenyewe. Jamii ikabaki. Tazama ratiba ya kuigonga, siku tano za mwaka zilizozoeleka: mkesha wa mwaka mpya, tarehe 13 Januari, tarehe 4 Julai, tarehe 15 Agosti, na wiki ya Katiba ya Marekani mwezi Septemba. Mbili ni za Marekani. Mkesha ni wa kila mtu, ingawa Mkorea ana Bosingak kichwani. Tarehe 15 Agosti ni siku Korea ilipokombolewa kutoka kwa Wajapani mwaka 1945. Na tarehe 13 Januari ni ya ile meli ya Gaelic: siku ya Wamarekani wenye asili ya Korea, ambayo mabaraza yote mawili ya Bunge la Marekani yaliitambua Desemba 2005. Hiyo ya mwisho haikuwepo kwenye mawazo ya mtu mwaka 1976. Ni wahamiaji walioipenyeza ndani ya zawadi ya dola.

Katikati ya miaka hiyo kuna tarehe 29 Aprili 1992. Ghasia zilipolipuka baada ya askari polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi, kuachiwa huru, zaidi ya biashara 2,000 za Wakorea ziliporwa au kuchomwa moto, na polisi hawakuonekana. Wakorea wa Los Angeles huitaja siku hiyo kwa tarehe yake tu. Wengi wao husema hapo ndipo walipotambua kwamba urafiki wa mataifa mawili haulindi duka la mtu, na kwamba lazima waingie kwenye siasa za jiji wenyewe.

Matokeo yake yanaonekana kwenye bustani nyingine. Kule Glendale, kaskazini mwa Los Angeles, mwaka 2013 iliwekwa sanamu ya shaba ya msichana aliyeketi, kando yake kiti kitupu. Ni nakala ya sanamu iliyowekwa Seoul mwaka 2011 kuwakumbuka wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani. Hiyo haikuja kwa ndege ya serikali; ilisukumwa na wahamiaji wenyewe mbele ya baraza la mji. Ikapingwa, ikafunguliwa kesi, kesi ikashindwa ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza mwaka 2017. Kengele inasema sisi ni marafiki, sanamu inasema tuna deni la kudai. Zote mbili ni za Kikorea, na mgeni anayetaka kuwaelewa watu hawa afike kwenye zote.

Kengele ya San Pedro imekuwa alama rasmi ya kihistoria ya jiji, namba 187, tangu 1978. Upepo wa chumvi hauheshimu urithi: rangi zilififia, chuma kikachakaa, na mwaka 2013 mafundi walikuja kutoka Korea kuifanyia ukarabati mkubwa, kisha ikazinduliwa upya Januari 2014. Ya Waingereza kule Philadelphia haikuwa na bahati hiyo; jengo lake lilibomolewa na yenyewe ikakaa stoo miaka mingi. Nadhani tofauti haikuwa ubora wa chuma. Waingereza wa Philadelphia hawana siku yao ya kuigonga.

Mwaka 2012, katika bustani ya Meadowlark kule Virginia, kengele nyingine ya Kikorea ilizinduliwa chini ya banda lake la rangi. Hii ilitafutwa na kusimamiwa na Wakorea wa eneo hilo kwa kushirikiana na mamlaka ya bustani. Ni ndogo kuliko ya San Pedro, na haikumchora mungu wa kike wa Uhuru wala loreli. Mugunghwa umo. Pembeni yake wakaweka ua la dogwood na ndege mwekundu aina ya kadinali, ua na ndege wa jimbo la Virginia, ambavyo mtu huviona akifungua dirisha la nyumba aliyoinunua huko.